Viganja vya Nusrati

Mwajabu Isere alikibonyeza kiganja cha mtoto kwa kidole gumba, akahesabu hadi tano, akaachia. Alama ya kidole ilibaki nyeupe kwa muda, kisha wekundu ukarudi na kuifunika. Akabonyeza kiganja cha pili. Ikawa vilevile.

"Viganja ni vyekundu, vyote viwili," alisema kwa sauti ya chini, na kinasa kilichoning'inia juu ya kitanda kikalia mara moja kuonyesha kwamba kimesikia. "Vimevimba upande wa juu. Ngozi ya ncha za vidole haijaanza kuchubuka."

Mtoto aliitwa Twalibu, wa miaka mitatu na miezi minne, na alikuwa akilia tangu alipoingizwa. Hakikuwa kilio cha sindano wala cha njaa. Kilikuwa kilio cha mtu anayeudhiwa na kila kitu, hata shuka, hata mkono wa bibi yake.

"Mume wangu, nyamaza," bibi alimwambia. Jina lake Chausiku, amejifunga kanga mbili na sweta la kiume juu yake, kwa kuwa asubuhi za Kondoa mwezi wa saba hazina utani. "Mwanamume gani analia mbele ya wake zake wawili? Huyu mwenzangu akikukataa leo, mimi sibebeshwi lawama."

"Sijamkataa, mama," Mwajabu alisema. "Mwambie afungue kinywa tu, nitaolewa naye bila mahari."

Twalibu alifungua kinywa kwa sababu alikuwa anapiga kelele. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka. Ulimi ulikuwa mwekundu, wenye vipele vidogovidogo kama forosadi iliyoiva. Macho yalikuwa mekundu yote mawili bila tongotongo. Chini ya taya la kushoto kulikuwa na tezi moja gumu, kubwa kama kokwa la zambarau. Mwajabu alivitaja kimoja kimoja, kwa mpangilio uleule aliokuwa akiufuata kwa miaka kumi na sita, kutoka kichwani kushuka miguuni. Kazi hii ya msomaji wa miili hakuisomea chuoni. Aliingia kituoni kubeba masanduku ya chanjo, akaanza kuuliza maswali, na kila jibu akaliandika.

Mwisho alikunja mkono wa shati la mtoto. Kwenye bega la kulia, kovu la chanjo ya kifua kikuu, ambalo kwa watoto wengine ni kidoti kikavu tu, lilikuwa limewaka na kuinuka.

"Hilo tangu juzi linamsumbua," bibi alisema. "Nimelipaka samli. Homa nayo leo siku ya sita. Ikishuka asubuhi, jioni inarudi na ndugu zake."

"Siku ya sita. Una hakika?"

"Ilianza siku ya gulio. Gulio ni Jumatano. Hesabu mwenyewe."

Mwajabu alihesabu. Kisha alisimama kidogo huku ameshika mkono wa mtoto. Alikuwa ameshaujua ugonjwa huu kabla ya kulifikia kovu. Mwili unajigeukia wenyewe, kama askari wanaochoma nyumba za mji wanaoulinda. Ngozi, macho, ulimi na tezi huwaka kwa siku chache, kisha hupoa, na mzazi humshukuru Mungu. Kinachobaki ni mishipa midogo inayoulisha moyo, ambayo imeshalegea na kuvimba bila mtu kuiona. Dawa yake ipo. Ni chupa ya kingamwili inayotiwa kwenye mshipa polepole kwa saa kumi, na inafaa kabla ya siku ya kumi ya homa. Baada ya hapo ni kubahatisha.

Chupa tatu zilikuwa kwenye kabati la chuma mwisho wa ukumbi, hatua ishirini kutoka pale. Kabati halikuwa na tundu la ufunguo. Lilifunguliwa na Baraza.

"Nimemaliza kusoma," alisema. "Baraza likae."

Kila mtoto wa wilaya alikuwa na kivuli chake, mwili wake wa pili ulioishi ndani ya mashine tangu siku ya kuzaliwa, ukilishwa kila kipimo, kila chanjo, kila kikohozi. Mtoto akiugua, kivuli chake huwekwa katikati na vivuli vya wengine huitwa, na wanaofanana naye zaidi husogezwa karibu; mkutano huo ndio Baraza. Aliye karibu kuliko wote huitwa mwenzi. Njia aliyopita mwenzi ndiyo mtoto hutazamiwa kupita. Na kivuli cha mtoto aliyefariki husikilizwa zaidi ya cha aliye hai, kwa kuwa njia yake imefika mwisho na hakuna cha kukisia.

Taa ya ukutani ikabadilika rangi. Sauti ya Baraza ilikuwa ya mwanamke asiye na haraka.

"Mtoto Twalibu. Mwenzi wa karibu, Nusrati binti Ramadhani Ninga, marehemu, miaka mitano. Ulinganifu asilimia tisini na nne. Mwenzi alikuwa na maambukizi ya koo. Viganja vyake vilikuwa safi. Wekundu wa viganja vya Twalibu unahesabiwa kuwa wa homa. Uamuzi: dawa ya kuua vijidudu, siku saba. Kabati la kingamwili halitafunguliwa."

Chausiku alimtazama Mwajabu. "Kasema nini huyo mama?"

Mwajabu alikuwa ameuachia mkono wa mtoto. "Amesema tusubiri kidogo," akajibu, na hakuwahi kumdanganya mgonjwa hivyo hapo kabla, isipokuwa mara moja.

*

Chumba cha kusikilizia kilikuwa kidogo, chenye viti viwili na sufu ukutani ili sauti isirudi. Wasomaji walivisikiliza vivuli kwa sikio kwa sababu homa ina mwendo, na mwendo husikika kabla haujaonekana kwenye mchoro. Mwajabu alivaa visikizi akamwita Nusrati.

Pumzi ikaja. Fupi, ya puani, na kila baada ya pumzi tano au sita mtoto alimeza mate kwa tabu. Moyo ulikuwa unakimbia. Aliijua pumzi hiyo. Tangu mtoto azikwe, kila Baraza lilipomwita mwenzi huyu, kivuli kilianza safari yake upya, kikaugua, kikafika siku ya ishirini na tatu, kikanyamaza. Kazi ya Mwajabu ilikuwa kuthibitisha kwamba kimenyamaza pale palipostahili.

Nestori, fundi wa vivuli, aliingia na kikombe cha chai na andazi mkononi. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mkoani kwao wanacheka hata msibani.

"Dada Mwajabu, umekaa kama mtu anayesubiri posa."

Mwajabu alivua visikizi. "Kivuli cha Nusrati kina kosa."

"Kosa la nani? Mashine haikosei, inakosewa."

"Langu."

Nestori akaweka kikombe chini.

Akamweleza. Ilikuwa siku ya mwisho ya mfungo, mstari wa akina mama umefika getini, wote wanataka kuwahi nyumbani kupika. Nusrati aliletwa na homa ya siku nne. Mikono yake ilikuwa na hina hadi kwenye vifundo, hina ya Idi, imekoza mpaka imekuwa nyeusi. Huwezi kuona wekundu chini ya hina. Kwenye sehemu ya viganja mashine ilimpa majibu matatu ya kuchagua: safi, vyekundu, havijulikani. Akichagua la tatu, mtoto anarudishwa nyumbani na kuitwa tena baada ya siku mbili, baada ya sikukuu. Akaandika safi. Wiki ile alifanya hivyo kwa wasichana kumi na mmoja. Kumi walipona.

"Kila msomaji hapa amewahi kufanya hivyo," Nestori alisema polepole. "Msimu wa hina, kila mtu."

"Najua. Lakini huyu kwa mengine yote ni Twalibu mtupu, wekundu alikuwa nao. Na sasa anamzuia mwingine."

Nestori alikuna kidevu. "Kuna njia nyepesi. Mama yake aliomba kivuli kizimwe siku ya arobaini. Arobaini ni kesho mchana. Mimi nikikizima sasa hivi, nani atauliza? Nimewahi siku moja tu. Kosa linaondoka nacho."

"Na Twalibu?"

"Atakosa mwenzi. Baraza litasema halijui, faili liende kwa madaktari wa mkoa. Foleni yao ni siku nne."

"Siku ya kumi."

"Siku ya kumi," Nestori alikubali. "Pengine ya tisa, wakiwa na huruma."

Mwajabu hakumwona Nestori mbaya kwa kusema hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa amelifikiria jambo hilohilo kabla hajaingia mlangoni, na lilimpendeza kwa muda wa pumzi mbili.

"Njia nzito ni ipi?" aliuliza, ingawa aliijua.

"Kukisahihisha. Tunakirudisha nyuma kabla ya Idi, tunaweka viganja kama vilivyokuwa kweli, halafu kinaipita njia yote upya, na wewe unakisoma siku kwa siku. Siku moja yake ni nusu saa yetu. Siku ishirini na tatu, saa kumi na moja na nusu. Na sheria ni kusoma siku kumi na mbili tu kwa kikao, sikio lisije likachoka likasikia linachotaka."

"Tunaweza kumpa dawa humo ndani? Kivuli?"

"Ukikipa dawa kitapona, na kikipona hakina mwisho. Baraza halitakiamini kuliko wengine." Nestori aliitazama chai yake. "Lazima afe tena, dada. Safari hii kwa ugonjwa wake mwenyewe. Na haiwezekani bila kiganja cha mama yake kwenye kibao cha idhini. Tena lazima awepo mtu aliyeviona vile viganja kabla ya hina. Wewe hukuviona."

"Kinasikia maumivu?"

"Wahandisi wanasema hapana."

"Wewe?"

"Mimi ni fundi," Nestori alisema. Andazi lake hakulila.

*

Nyumbani kwa Tatu Ninga walikuwa wanachambua mchele. Wanawake saba walikaa uani na nyungo mapajani, wakipepeta na kusemana. Shangazi mmoja mnene alimwona Mwajabu akiingia na mkoba wake wa kazi.

"Wa kituo huyo! Ficheni vidole, atawapima."

"Chako nimeshakipima, shangazi. Ugonjwa wake ni mdomo."

Wakacheka, naye akawapa pole ya msiba mmoja baada ya mwingine, kwa kushikana mikono. Tatu alitoka jikoni akijipangusa majivu. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa, amekonda tangu mara ya mwisho.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Tatu. Naomba tusogee pembeni."

Walikwenda nyuma ya nyumba, penye kuni za shughuli ya kesho. Tatu alikaa juu ya gogo. Mwajabu alibaki amesimama, kisha akaona si vizuri kumsemesha mtu mambo haya kutoka juu, akakaa chini kwenye magome.

"Siku ile ulipomleta Nusrati, alikuwa na hina."

"Ya Idi. Ndiyo."

"Kwa hiyo viganja vyake sikuviona. Nikaandika ni safi. Kama ningeandika sivioni, ungerudishwa, ungekasirika, ungekuja tena baada ya sikukuu. Lakini labda ningemwosha, labda ningetazama nyayo. Sikutazama. Ugonjwa wake haukuwa wa koo. Ulikuwa ugonjwa wa mwili kujichoma, na dawa yake ilikuwa kabatini."

Tatu hakulia. Aliinua kipande cha gome, akakivunja katikati, akavunja tena.

"Umeandika usichokiona," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nilikiona."

Kutoka uani ilisikika sauti ya shangazi akimgombeza mtu juu ya mawe katika mchele.

"Nilikiona kabla," Tatu aliendelea. "Siku ya tatu ya homa, asubuhi imeshuka kidogo. Binamu zake wanapakwa hina, na yeye analia anataka. Nikamshika mikono nimsafishe. Nyekundu! Nyekundu mpaka nikacheka. Nikamwambia, wewe hina yako imekoza kabla haijapakwa, mama mkwe atakupenda mno. Nikampaka. Nikapaka nene, kwa kuwa alikuwa mgonjwa, nikataka apendeze. Usiku ule wote nilikuwa najisifu kwa hina. Ilipoanza kuchubuka ngozi vidoleni, nikasema ni hina hiyo, nimeiweka kali. Nikaitupa iliyobaki. Tangu hapo najua nilimuua kwa hina, sijamwambia mtu. Hata baba yake."

"Hina haimuui mtu, Tatu."

"Ilikuzuia wewe usione."

Mwajabu alingoja hadi ilipoonekana kwamba Tatu amemaliza, kisha akamweleza habari ya Twalibu, bila kumtaja jina wala ukoo, ya kabati, ya njia nyepesi aliyopewa na fundi, na ya njia nzito. Aliyasema yote kwa mpangilio, polepole, kama anavyosoma mwili, asiruke sehemu kwa kuwa inauma.

"Ataugua tena," Tatu alisema.

"Kivuli chake."

"Usiniambie kivuli. Kina pumzi yake?"

"Ndiyo. Kina pumzi yake."

"Kinalia?"

"Kinalia."

"Na Baraza likiwaita, kinaumwa mpaka mwisho? Kila linapoita?"

Swali hilo Mwajabu alikuwa amelihofia tangu getini. "Kila linapoita."

"Mara ngapi mpaka leo?"

Angeweza kusema hajui. Tatu asingekuwa na njia ya kuhakikisha.

"Mara kumi na nne. Zote nimezisikiliza mimi."

Tatu aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti. Mtu aliita jina lake kutoka jikoni, akaita tena, akaacha. Alipoinuka, uso wake ulikuwa mkavu na umebadilika, kama wa mtu aliyeamshwa ghafla.

"Mara kumi na nne amekufa kwa ugonjwa wa mtu mwingine," alisema. "Na wewe ulikuwa naye, mimi sipo."

"Ndiyo."

"Huyo mtoto mwingine. Ana mama?"

"Mama yake yuko mgodini Geita. Mtoto ameletwa na bibi."

Tatu alisimama, akakung'uta magome kwenye kanga. "Ngoja niwaambie hawa wasiweke viungo bila mimi," alisema. "Wataharibu pilau."

*

Walianza saa sita mchana. Nestori alikuwa amefuta kibao cha idhini kwa pamba, akakiweka kwenye meza ndogo, na alipomwona Tatu hakutania. Alimpa pole kwa mikono miwili. Tatu akaweka kiganja. Kisha, kwa kalamu ya msomaji, Mwajabu alimwomba aonyeshe wekundu ulipokuwa, na Tatu akachora juu ya kiganja chake mwenyewe: uvimbe wa chini ya kidole gumba, kingo za kiganja, ncha za vidole. Aliruka katikati.

"Hapa palikuwa peupe?"

"Palikuwa peupe. Kama pameoshwa."

Mwajabu aliingiza. Hakuuliza zaidi ya hapo, wala hakuongeza chochote ambacho Tatu hakukisema.

Siku ya kwanza ikapita kwa nusu saa, na ya pili. Homa ilipanda kama ilivyopanda mara zote. Siku ya tatu, kwenye visikizi, Mwajabu alisikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia katika zile mara kumi na nne. Nyuma ya mapigo ya moyo kulikuwa na mpigo mwingine mwembamba, unaochelewa, kama mtu anayetembea nyuma ya mwenzake na kukanyaga palepale alipokanyaga. Mwili ulikuwa sasa unaugua ugonjwa wake wenyewe. Aliutaja kwenye kinasa kwa sauti tulivu: mpigo wa shoti, kama mwendo wa farasi, siku ya tatu, jioni.

"Naweza kusikia?" Tatu aliuliza.

Nestori alimtazama Mwajabu. Hakukuwa na sheria inayokataza, kwa kuwa hakuna mzazi aliyewahi kuomba. Mwajabu akampa visikizi vya pili.

Tatu aliposikia pumzi ile ya puani, aliinua mkono kama anayetaka kumgusa mtu, akaurudisha. Siku ya tano mtoto alilia saa nne za kwake, dakika tano za huku, na Tatu akaanza kuimba chini kwa chini wimbo wa kubembeleza wa Kirangi, huku akijua kwamba hakuna kinachoingia kule ndani kutoka huku. Kilio kilipungua. Kilikuwa kinapungua palepale mara zote kumi na nne. Mwajabu hakumwambia.

Katikati ya siku ya saba Tatu alitoka nje kuvuta hewa. Ukumbini, Chausiku alikuwa amekaa sakafuni, Twalibu amelala juu ya mapaja yake kwa uchovu, midomo imepakwa mafuta ya nazi. Mlango ulikuwa wazi, Mwajabu akawasikia.

"Kaa hapa mwanangu, pana jua," bibi alisema. "Wewe nawe una mtoto humo ndani?"

"Ninaye."

"Anaendeleaje?"

Tatu alikaa kando yake. "Homa bado iko juu. Huyu wako?"

"Huyu mume wangu ananinyima usingizi, na kutwa hajala. Wanasema tusubiri. Mimi nimeshasubiri mambo mengi duniani, lakini hili, mwanangu, hili silipendi." Alimpepea mtoto kwa ncha ya kanga. "Wa kwako jina nani, nimuombee?"

"Nusrati."

"Nusrati. Mungu amponye."

"Amina," Tatu alisema. Mwajabu alimwona akinyoosha mkono, akaugeuza mkono wa Twalibu taratibu ili asiamke, na kukitazama kiganja. Alikitazama kwa muda. Aliporudi chumbani alifunga mlango nyuma yake.

"Ni vilevile," alisema. "Katikati peupe."

Siku ya nane. Siku ya tisa. Mwajabu alisoma kwa mpangilio, kutoka kichwani kushuka miguuni, na pale sikio lake lilipokuwa na shaka alisema kwenye kinasa: nina shaka. Nestori aliwasha taa saa kumi na moja na nusu jioni, akaleta chai, na safari hii alikunywa mwenyewe vikombe vyote vitatu kwa kuwa hakuna aliyevigusa. Dirishani, vilima vilikuwa vinapoteza rangi.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi ya kule ndani, homa iliondoka. Iliondoka kama ilivyoondoka kweli, ghafla, jasho jingi, kisha pumzi ndefu kupitia kinywani. Moyo ulitulia. Ule mpigo mwembamba wa nyuma ulikuwa bado upo, lakini ilibidi uutafute.

Tatu alibonyeza visikizi masikioni kwa mikono yote miwili. "Siku hii aliomba karanga," alisema. "Nikamkaangia. Nikasema, basi, imekwisha."

Mwajabu aliangalia saa, akatia alama, akaziba kinasa kwa kidole. "Siku kumi na mbili. Kikao kimefungwa."

"Mtaendelea?"

"Kesho. Nikisoma zaidi leo, Baraza litakataa yote. Zimebaki siku kumi na moja." Alisita. "Tukianza saa moja asubuhi, mwisho utaangukia saa sita na nusu mchana."

Tatu alihesabu naye. "Watakuwa wanasoma dua."

"Ndiyo. Wewe uwe kwako. Mimi nitakuwa naye, na fundi. Akinyamaza, Baraza litakaa palepale, na kabati litafunguka, au halitafunguka. Nadhani litafunguka. Sina hakika."

"Na baada ya huyu wa ukumbini? Mtamzima?"

"Utaamua wewe. Ukimwacha, watamwita tena, kwa wengine. Hilo siwezi kukuficha."

Ukumbini Twalibu aliamka, akaanza tena kile kilio chake cha kuudhiwa, na sauti ya bibi ikasikika ikimwahidi ng'ombe watatu na redio. Nestori alisogea kwenye mashine kusimamisha kivuli kama inavyofanyika mwisho wa kila kikao, kidole kikiwa tayari juu ya swichi.

"Usimsimamishe," Tatu alisema. "Si kalala?"

Nestori alimgeukia Mwajabu. Mwajabu alifikiri. Kikiachwa polepole, kwa mwendo wa saa za watu, kivuli kisingefika mbali kabla ya asubuhi. Kingepita usiku mmoja tu, usiku wa siku ya kumi na mbili, ambao hakuna kilichotokea.

"Mrudishe kwenye mwendo wetu," alimwambia fundi. "Alale."

Nestori akafanya hivyo. Pumzi kwenye visikizi ikajinyoosha, ikawa ndefu kama ya mtoto yeyote. Tatu alisikiliza kidogo zaidi, kisha akavivua na kuviweka mezani kwa uangalifu, vikielekea juu. Alijitanda kanga. Mlangoni alisimama.

"Mnafungua saa ngapi?"

"Saa moja."

"Nitakuja kumi na mbili na nusu," Tatu alisema. "Dua wataanza bila mimi. Huwa anaamka mapema."